Kiwanda Kinapotishia Kuhama, Mfanyakazi Anyamaze Mpaka Lini?

ASUBUHI ya Jumatano, tarehe 24 Aprili 2013, katika mji wa Savar ulio pembezoni mwa Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza liliporomoka likiwa na maelfu ya watu ndani yake. Watu 1,134 walifariki dunia. Wengine wapatao 2,500 waliokolewa, wengi wao wakiwa na majeraha, na baadhi ikabidi wakatwe viungo ili watolewe chini ya kifusi. Sehemu kubwa ya waliofariki walikuwa wanawake vijana, mabinti na akina mama wa Kiislamu waliotoka vijijini kutafuta riziki ya halali kwa kushona nguo. Allah (SW) awarehemu.

Jambo linalouma zaidi ni lile lililotokea siku moja kabla. Jumanne ya tarehe 23, nyufa kubwa zilionekana katika kuta na nguzo za jengo hilo. Mhandisi aliitwa, akatazama, akasema jengo si salama. Benki iliyokuwa na tawi katika ghorofa za chini iliwaambia wafanyakazi wake wasirudi kazini, na maduka yakafungwa. Lakini wafanyakazi wa viwanda vitano vya nguo vilivyokuwa ghorofa za juu waliamriwa warudi kesho yake. Baadhi yao waliposita kuingia, walitishiwa kunyimwa mshahara wa mwezi mzima. Wakaingia. Kabla ya saa tatu asubuhi umeme ulikatika, majenereta mazito yakawashwa, jengo likatetemeka na kuanguka.

Ndugu msomaji, wafanyakazi wa benki na wafanyakazi wa cherehani waliziona nyufa zile zile, na wote walikuwa na hofu ile ile. Tofauti yao ilikuwa moja tu: hawa mwajiri wao aliwaondoa, na wale hawakuwa na njia ya kusema hapana. Hapakuwa na chama cha wafanyakazi hata katika kimoja cha viwanda vile vitano. Kila mmoja alisimama mbele ya msimamizi akiwa peke yake, na nyuma yake kulikuwa na kodi ya nyumba, ada ya mtoto na mzazi mgonjwa kijijini.

Katika makala haya tunataka kuuliza kwa nini wanawake wale hawakuwa na chama, na jambo hilo lina uhusiano gani na ile kauli ambayo wafanyakazi wa nchi nyingi wameisikia: mkianza kudai, kiwanda kitahama.

Safari ndefu ya cherehani

Kazi ya kushona nguo haikuanzia Bangladesh. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita kitovu chake kimojawapo kilikuwa jiji la New York, nchini Marekani, na washonaji wake walikuwa mabinti wa wahamiaji maskini, wengi wao wa Kiyahudi na Kiitalia. Mwaka 1909 washonaji wa mashati wapatao 20,000 waligoma wakidai mishahara bora, saa za kazi zinazovumilika na haki ya kuwa na chama. Waajiri wengi walikubali kuandikiana mkataba nao. Wamiliki wa kiwanda kimoja, Triangle, walikataa kukitambua chama chao.

Tarehe 25 Machi 1911 moto ulizuka katika kiwanda hicho, kilichokuwa ghorofa ya nane hadi ya kumi. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Watu 146 walikufa, wengine kwa kuruka kutoka madirishani. Msiba huo ulilitikisa jiji zima, na katika miaka iliyofuata jimbo la New York lilitunga sheria za usalama viwandani, huku vyama vya washonaji vikipata nguvu.

Lakini kazi ilianza kuhama. Viwanda vya nguo vya majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani vilisogea taratibu kuelekea majimbo ya kusini, ambako mishahara ilikuwa midogo na vyama vilikuwa dhaifu. Baada ya Vita Kuu ya Pili nguo nyingi zikaanza kutoka Japani, kisha Hong Kong na Korea Kusini. Mwaka 1974 nchi tajiri ziliweka mfumo wa migao, yaani kila nchi inayouza nguo ikapangiwa kiasi ambacho haipaswi kukizidi. Kampuni za Korea Kusini zilipofikia ukomo wa mgao wao, zilitafuta nchi ambayo haikuwa imepangiwa kiasi. Ndipo kampuni ya Daewoo ilipoingia ubia na kampuni ya Desh ya Bangladesh, na mwaka 1979 Wabangladeshi 130 wakapelekwa katika jiji la Busan kufundishwa kazi. Wengi wao walirudi na baadaye wakaanzisha viwanda vyao wenyewe. Leo nguo ni zaidi ya robo tatu ya mauzo yote ya Bangladesh katika nchi za nje, na watu wapatao milioni nne wanaitegemea kazi hiyo.

Tumeieleza safari hii ili tusidanganyane. Si kweli kwamba kila kiwanda kinachohama kinakimbia chama cha wafanyakazi. Vingine hukimbia ukomo wa migao, vingine hufuata msamaha wa ushuru, vingine hufuata umeme wa bei nafuu au bandari iliyo karibu. Hata hivyo, katika orodha ya vitu vinavyotafutwa na mwenye mtaji, mfanyakazi mnyonge asiye na sauti hakosekani. Na serikali zinazomtaka mwekezaji zinalijua hilo vizuri.

Tishio hufanya kazi hata kiwanda kisipohama

Kipo kisa kimoja kinachostahili kusimuliwa kwa urefu. Mwezi Septemba 1956 wafanyakazi wa kiwanda cha nguo katika mji mdogo wa Darlington, jimbo la South Carolina, walipiga kura kuamua kama wajiunge na chama cha wafanyakazi wa nguo. Chama kilishinda kwa kura chache. Kabla ya mwezi huo kwisha bodi ya wakurugenzi iliamua kukifunga kiwanda. Mwaka ulipomalizika, mashine zilikuwa zimekwisha kunadiwa moja moja, na watu zaidi ya 500 walikuwa hawana kazi.

Familia ya Milliken iliyokidhibiti kiwanda hicho ilikuwa na viwanda vingine vingi vya nguo, na huko kazi iliendelea kama kawaida. Maelfu ya wafanyakazi wa viwanda hivyo walisikia yaliyowapata wenzao, na hapana aliyehitaji kuelezwa maana yake.

Shauri lilikwenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1965 ilitoa uamuzi unaonukuliwa mpaka leo: mwajiri anayo haki ya kufunga biashara yake yote kwa sababu yoyote ile, lakini haruhusiwi kufunga sehemu yake kwa lengo la kuwatia hofu wafanyakazi wa sehemu zilizobaki. Hatimaye ilithibitika kuwa hilo ndilo lililokuwa lengo. Malipo ya fidia, dola milioni tano, yalikubaliwa mwaka 1980, miaka 24 baada ya kiwanda kufungwa. Baadhi ya waliopiga kura ile walikuwa wamekwisha kufa.

Tunajifunza hapa kwamba siasa ya kuhama kwa viwanda haifanyiki bandarini makontena ya mashine yanapopakiwa. Hufanyika katika nafsi ya mfanyakazi. Watafiti wa Marekani waliochunguza kampeni za kuunda vyama walikuta kwamba katika zaidi ya nusu ya kampeni hizo waajiri walitoa tishio la kufunga au kuhamisha kazi. Tishio halina gharama. Mwajiri hanunui tiketi wala hakodi meli, na hata hivyo hupata alichokitaka, nacho ni ukimya.

Serikali zinaposhindana kunyamazisha

Mfanyakazi wa nchi maskini hukabiliana na mwajiri, na mara nyingi hukabiliana na dola pia. Tangu miaka ya 1980 Bangladesh ilianzisha maeneo maalumu ya viwanda vinavyozalisha bidhaa za kuuza nje, yale ambayo kwetu huitwa EPZ. Kwa miaka mingi vyama vya wafanyakazi vilipigwa marufuku ndani ya maeneo hayo, na marufuku hiyo ikawa kivutio kwa wawekezaji sawa na msamaha wa kodi. Nje ya maeneo hayo sheria iliruhusu vyama, lakini ilidai kwanza asilimia 30 ya wafanyakazi wote wajiandikishe, na majina yao yalikuwa yakimfikia mwajiri kabla chama hakijasajiliwa. Mtu anaweza kukisia kilichowapata wenye majina hayo. Mwaka 2010 likaundwa jeshi la polisi mahususi kwa maeneo ya viwanda. Na katika bunge la nchi hiyo walikuwamo wamiliki kadhaa wa viwanda vya nguo.

Waliothubutu walilipa gharama kubwa. Aminul Islam, aliyekuwa mshonaji kisha akawa mratibu wa wafanyakazi, alitoweka tarehe 4 Aprili 2012. Maiti yake ilipatikana siku iliyofuata, maili nyingi kutoka nyumbani kwake, ikiwa na alama za mateso. Aliacha mke na watoto. Mwaka mmoja baadaye Rana Plaza ikaanguka.

Wapo wanaosema kwamba pamoja na yote hayo, kazi yenye ujira mdogo ni bora kuliko kukosa kazi kabisa. Hoja hii tusiipuuze. Ni kweli kwamba viwanda vya nguo viliwapa wanawake wengi wa Bangladesh kipato ambacho mama zao hawakukiona. Binti aliyepeleka fedha nyumbani alipata heshima mpya na kauli katika mambo ya nyumba. Wafanyakazi wenyewe hawajapata kudai viwanda viondoke. Madai yao yamekuwa mshahara unaotosha, malipo yanayofika kwa wakati, na mlango wa kutokea ulio wazi. Hata bonasi ya Idd imekuwa jambo la kugombewa: mara kwa mara, Ramadhani inapofika ukingoni, washonaji wa nchi hiyo hulazimika kuandamana barabarani kudai malipo ambayo yangewawezesha kusherehekea na watoto wao.

Je, ukimya hukibakisha kiwanda?

Msingi wa tishio lote ni ahadi moja iliyofichika: nyamazeni, nasi tutabaki. Tuipime ahadi hiyo kwa mfano wa hapa Afrika.

Mwaka 2016 Ethiopia ilifungua bustani kubwa ya viwanda katika mji wa Hawassa. Kampuni maarufu za mavazi kutoka Marekani na Asia zilikaribishwa kwa mabanda yaliyokwisha kujengwa, umeme, na nafuu ya kodi. Nchi hiyo haikuwa na kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliripoti kuwa mshahara wa kuanzia hapo ulikuwa dola 26 kwa mwezi, mdogo kuliko wa nchi nyingine zote zinazoshonea soko la dunia. Wafanyakazi wengi walikuwa mabinti kutoka vijiji vya jirani, na vyama vyao vilikuwa havijasimama.

Kama ukimya na unyonge vingetosha kukifunga kiwanda mahali kilipo, basi Hawassa ingekuwa salama. Lakini vita vilipozuka kaskazini mwa nchi hiyo, Marekani ikatangaza kuindolea Ethiopia nafasi ya kuuza bidhaa bila ushuru kuanzia Januari 2022. Kabla hata ya tarehe hiyo kufika, mwezi Novemba 2021, kampuni kubwa iliyokuwa imetangulia kuja ilitangaza kufunga kiwanda chake.  Mabinti wale walikubali ujira mdogo kuliko wote, na bado kazi iliondoka kwa sababu ya uamuzi uliotolewa katika miji ambayo hawajapata kuiona.

Kenya nayo iliwahi kuonja jambo kama hilo. Fursa ya soko la Marekani iliyofunguliwa mwaka 2000, iitwayo AGOA, ilileta viwanda vingi vya nguo katika EPZ za Athi River na Mombasa. Mfumo wa migao wa dunia ulipokwisha mwanzoni mwa 2005, Uchina ikaachiwa kuuza bila ukomo ule, na baadhi ya viwanda vya Kenya na Lesotho vikafungwa.

Kwa hiyo tunaona kwamba mfanyakazi anayenyamaza anauza haki yake kwa ahadi ambayo mwajiri hawezi, na pengine hakusudii, kuitimiza.

Kiapo cha Hilful-Fudhuul

Sisi Waislamu hatuhitaji kuazima fikra ya kushikamana kwa ajili ya haki ya mtu wa kazi. Katika sira ya Mtume Muhammad (SAW) kuna tukio linalojulikana kwa jina la Hilful-Fudhuul. Mfanyabiashara mmoja kutoka Zabid, Yemen, aliingia Makka na bidhaa zake akamuuzia Al-Aas bin Wail, mmoja wa vigogo wa mji. Al-Aas alichukua bidhaa, akakataa kulipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo Makka wala mtu wa kumtetea. Kila aliyemwendea alimwogopa Al-Aas. Mwisho alipanda juu ya mlima Abu Qubays na kuipaza sauti yake mbele ya watu waliokuwa karibu na Al-Kaaba.

Ndipo watu wa koo kadhaa za Makureshi walipokutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an na kula kiapo kwamba watakuwa mkono mmoja pamoja na aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka haki yake irudishwe. Walimwendea Al-Aas kwa pamoja na mali ikarudishwa. Mtume (SAW), ambaye alikuwa kijana kabla ya utume, alihudhuria kiapo hicho. Na baada ya Uislamu alieleza kwamba hata sasa angeitwa kwenye kiapo kama kile, angeitika.

Tutazame jinsi tukio hilo lilivyo. Mnyonge alikuwa na haki, lakini haki peke yake haikumfikisha popote. Mwenye nguvu aliogopwa na kila mmoja alipokuwa peke yake. Kilichobadilisha mambo ni watu kuungana kwa ahadi iliyo wazi, kwa ajili ya haki inayojulikana, bila kumdhulumu yule waliyemkabili. Al-Aas hakunyang'anywa kitu kilichokuwa chake. Chama cha wafanyakazi kinachofuata njia hiyo kina mizizi katika mwenendo ambao Mtume wetu aliuridhia.

Qur'ani pia imetusimulia, katika Sura ya Al-Qasas, namna Nabii Musa (AS) alivyoajiriwa na mzee wa Madyan. Muda wa kazi ulitajwa waziwazi, malipo yalijulikana, na mwajiri aliahidi kutomtaabisha. Na wanazuoni walioandika juu ya kazi ya muhtasib, yaani msimamizi wa masoko na maslahi ya umma, walimpa mamlaka ya kuwazuia wenye vyombo wasipakie shehena kupita kiasi, na kuwazuia wenye wanyama wasiwabebeshe wasichokiweza. Rana Plaza liliongezewa ghorofa kinyume cha kibali na kubebeshwa majenereta na mashine ambazo halikujengewa. Lingepata muhtasib mwenye kumcha Mungu na asiyemwogopa mwenye jengo, lisingefika tarehe 24.

Mkataba uliomfuata mnunuzi

Baada ya msiba ule, mwezi Mei 2013, vyama vya wafanyakazi vya Bangladesh pamoja na mashirikisho mawili ya kimataifa, IndustriALL na UNI, viliandikiana mkataba na kampuni zinazonunua nguo. Kampuni zaidi ya 200 zilitia saini kadiri muda ulivyokwenda. Mkataba huo ulitofautiana na ahadi za zamani kwa mambo ambayo yanahusu moja kwa moja swali letu.

Kwanza, ulikuwa mkataba wenye nguvu ya sheria. Mwaka 2016 mashirikisho hayo yaliwapeleka wanunuzi wawili katika usuluhishi huko The Hague kwa madai ya kuchelewesha marekebisho, na mashauri yote mawili yaliisha kwa mapatano, mmoja wao akikubali kutoa dola milioni 2.3. Pili, mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kuingia katika jengo analoamini kwa dhati kuwa ni la hatari bila kupoteza mshahara, na kiwanda kikifungwa kwa matengenezo aendelee kulipwa kwa muda maalumu. Hiyo ndiyo haki waliyoikosa wale waliosimama nje ya Rana Plaza asubuhi ile. Tatu, na hili ndilo muhimu kwetu, wanunuzi waliahidi kutoikimbia Bangladesh, bali kuendelea kuagiza nguo huko walau kwa miaka miwili ya mwanzo. Mlango wa tishio la kuhama ukafungwa kwa maandishi.

Matokeo yalionekana. Viwanda zaidi ya 1,600 vilikaguliwa, na zaidi ya asilimia 90 ya kasoro zilizopatikana katika ukaguzi wa awali zilirekebishwa. Wafuatiliaji wa mambo haya wanalinganisha na yaliyotokea Karachi, Pakistan, tarehe 11 Septemba 2012, ambapo watu zaidi ya 250 waliteketea katika kiwanda cha Ali Enterprises. Mahakama baadaye iliamua kwamba moto ule uliwashwa makusudi na wahalifu waliodai fedha kwa nguvu. Lakini waliomo ndani walikufa kwa sababu madirisha yalikuwa na nondo na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Wiki chache tu kabla ya hapo kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha kutimiza viwango vya haki na usalama kazini. Cheti kilikuwapo, chama chenye nguvu hakikuwapo. Miaka kumi baadaye, mkataba wa mfano wa Bangladesh ulipanuliwa kufika Pakistan.

Hatusemi kwamba dhiki imekwisha. Kima cha chini cha mshahara wa washonaji wa Bangladesh kilipanda kutoka taka 3,000 mwaka 2010 hadi 5,300 mwaka 2013, 8,000 mwaka 2018, na 12,500 mwishoni mwa 2023. Katika awamu hii ya mwisho wafanyakazi walidai 23,000, na watu waliuawa katika maandamano. Mwenye kiwanda naye hulalamika, na mara nyingine kwa haki, kwamba mnunuzi wa Ulaya au Marekani anataka milango ya dharura na mishahara mizuri lakini hataki kuongeza bei ya shati hata kidogo.

Vyama vyenyewe pia havikosi lawama. Wapo viongozi wanaokusanya michango ya wanachama na kuila, wapo wanaokaa meza moja na mwajiri usiku na kuhutubia wafanyakazi mchana, na wapo wanaochochea uharibifu wa mali. Amana inawahusu wao kama inavyomhusu mwajiri. Mfanyakazi naye anapaswa kutimiza saa zake na kuilinda mali aliyokabidhiwa, kwani dhulma haibadiliki kuwa halali kwa sababu imetoka chini kwenda juu.

Familia zetu na jambo hili

Huenda msomaji akasema kuwa Savar na Darlington ni mbali. Lakini akifungua robota la mitumba atakuta lebo za Bangladesh, na shati jipya la mtoto la Sikukuu mara nyingi limepitia mikono hiyo hiyo. Zaidi ya hayo, mabinti wetu nao wanashona. Katika EPZ za Kenya na Tanzania wapo wanaoondoka nyumbani baada ya Swala ya Alfajiri na kurudi jioni, na mara nyingi wazazi hawajui lolote juu ya mahali wanaposhinda isipokuwa kiasi cha mshahara.

Sheria zipo. Ibara ya 41 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na ya kugoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inatambua haki ya kuunda chama na kufanya majadiliano ya pamoja na mwajiri mpaka kufikia mkataba wa hali bora. Lakini sheria huwa hai pale tu watu wanapoitumia, na nyumbani ndipo ujasiri huo unapolelewa au kuuawa.

Mara ngapi binti anaeleza mezani kwamba wenzake wanataka kujiunga na chama, naye baba akamjibu kwamba aache siasa, ashike kazi? Baba huyo anamtakia mwanawe heri. Lakini tungependa azidishe maswali kabla ya jibu. Je, mkataba wa kazi umeandikwa, na binti amepewa nakala? Je, mlango wa dharura huwa wazi wakati wa kazi, au ufunguo uko mfukoni mwa msimamizi? Je, makato ya hifadhi ya jamii yanafika yanakopaswa? Je, chama kilichopo kinatoa hesabu ya michango? Mzazi anayeuliza hivyo anamlinda mwanawe kuliko yule anayemwambia anyamaze.

Misikiti yetu pia ina nafasi. Katika miji ya viwanda, khutba inaweza kuwakumbusha waajiri waumini, nao si wachache, kwamba Mtume (SAW) alitaka ujira ulipwe upesi, jasho la aliyefanya kazi likiwa bado mwilini. Inaweza pia kumkumbusha mfanyakazi kuwa kumsimamia mwenzake aliyeonewa ni sehemu ya dini yake. Na wazee wa msikiti wenye heshima kwa pande zote wanaweza kuwakutanisha watu kabla mambo hayajafika mahakamani au barabarani.

Kiwanda kinaweza kuhama, na wakati mwingine kitahama tufanye tusifanye. Hilo liko mikononi mwa wenye mitaji na wenye mamlaka, na juu yao wote ni Allah (SW) Mwenye kuruzuku. Lakini wafanyakazi wanaoelewana wanaweza kuhakikisha kwamba kwa siku zote kitakapokuwapo, mlango utakuwa wazi, ujira utalipwa, na binti akiona ufa katika nguzo ataweza kusema haingii, wenzake wote wakiwa wamesimama naye.